Mwembe au Viazi Vitamu? Nasaha kwa Familia za Pwani Zilizohamia Mashuuru

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni na kuotesha kwayo mimea ya kila namna, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ilitufikia barua fupi kutoka kwa dada yetu mmoja katika imani, mzaliwa wa Pwani, ambaye yeye na mumewe walihamia Kajiado kwa ajili ya kazi. Kwa miaka sita walipanga nyumba Kitengela. Kisha Mwenyezi Mungu akawafungulia, wakanunua kiwanja cha hamsini kwa mia upande wa Mashuuru, wakajenga vyumba viwili, wakahamia kwao. Barua za namna hii aghalabu hutuuliza habari za swala, saumu au talaka. Hii ilituuliza habari za mwembe.

Mumewe, alieleza dada huyu, alisafiri hadi kwao akarudi na miche minne ya miembe ya ngowe, kwa sababu yeye alilelewa chini ya mwembe wa babake na alitaka wanawe nao walelewe hivyo. Aliipanda yote siku moja. Maji ya kuinyweshea hununuliwa kwa boza, na boza hutoza bei ya mtu anayejua kwamba huna pa kwenda. Mke alitaka sehemu ile ile ilimwe matuta ya viazi vitamu, kwani watoto ni watatu na hula kila siku. Mume akamjibu kwamba viazi ni mazao ya mpangaji, na yeye si mpangaji tena. Neno hilo lilimchoma, maana kodi ya miaka ile sita ililipwa pia kwa mahamri aliyoyakaanga yeye alfajiri na kuyauza. Baadaye miche miwili ikafa. Tangu hapo kila debe la maji linapomwagwa shimoni, mmoja kati yao hununa. Akamaliza kwa kuuliza: “Shekhe, katika dini yetu, lililo bora ni mti au kiazi?”

Tuliona swali hili si la watu wawili peke yao. Familia nyingi za Pwani sasa zina kiwanja bara, na zote hufika siku ya kuamua kitakachopandwa nyuma ya nyumba. Hivyo tulipoalikwa kufungisha ndoa Kitengela, tuliomba ruhusa ya wenyewe, tukapita Isinya na Kajiado mjini, tukaelekea mashariki hadi Mashuuru. Haya tunayoyaandika ni tuliyowaambia wao, kwa idhini yao, bila ya kutaja majina.

Wageni wawili wa Pwani yetu

Jambo la kwanza tuliloona linafaa kusemwa ni kwamba mwembe na kiazi kitamu, wote wawili, ni wageni. Mwembe asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na ulivuka bahari pamoja na biashara ya majahazi. Umekuwa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu sana. Msafiri Ibn Battuta, alipopita pwani hii mwaka 1331, alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopambwa kwa viambo vya siki, na miongoni mwavyo akataja maembe mabichi yaliyotiwa achari. Basi mama anayekata embe bichi leo Mji wa Kale wa Mombasa, akalitia pilipili na chumvi, anafanya kazi yenye umri wa takriban miaka mia saba.

Kiazi kitamu nacho kilitoka upande wa pili wa dunia, katika bara la Amerika, na kikafika kwetu baada ya Wareno kuizunguka Afrika mwaka 1498. Kimekaa nasi kwa miaka michache kuliko mwembe, lakini hakuna atakayekiita kigeni akikiona sinia la futari limewekwa mkekani, viazi vimeiva kwa tui zito la nazi na harufu ya iliki imeenea hadi kibarazani. Kwa hivyo asiwepo wa kujigamba kwamba chake ndicho cha asili. Wageni wote wawili walipokewa na wazee wetu, na kila mmoja akapewa mahali pake: mwembe ukapewa ua, kiazi kikapewa shamba la mvua.

Kwa nini kiazi kiliitwa cha mpangaji

Neno la yule mume lina mizizi mirefu kuliko anavyojua mwenyewe. Katika ukanda wa Pwani, tangu zamani, mti na ardhi viliweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Mtu angeweza kumiliki minazi na miembe iliyosimama juu ya ardhi ya mwingine, akairithisha, akaiuza. Wakoloni walipoleta sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, wengi wa waliokuwa wakilima walijikuta hawana hati, wakawa maskwota katika mashamba waliyozaliwa. Wenye hati waliwaruhusu kupanda mahindi, mihogo na viazi, lakini wakawakataza miti ya kudumu, kwa kuwa aliyepanda mti alikuwa amejiwekea ushahidi wa haki yake, nao ulimea mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana katika vichwa vya watu wetu mwembe ukawa alama ya mwenyeji, na kiazi kikawa alama ya asiye na pake. Mwanamume aliyepanga nyumba miaka sita, akahamishwa mara tatu kwa sababu ya kodi, siku anapopata ardhi yake hutamani kuchomeka kitu ambacho hakuna mwenye nyumba atakayemwambia aking'oe. Tulimwambia dada yetu auelewe moyo huo, asiudharau. Na tulimwambia mume, mbele ya mkewe, kwamba kiazi hakina aibu. Aibu ilikuwa ya sheria zile, na watoto waliokua kwa viazi vile hawakuzaliwa wapangaji.

Hata hivyo, hekima ya wazee inabaki. Aliyepanga nyumba, au aliyenunua ardhi ambayo hati yake haijatoka, asitangulize miembe. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kajiado ilikuwa chini ya ranchi za vikundi zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, na ugawaji wake kwa mtu mmoja mmoja umekuwa safari ndefu. Hakikisha hati kwanza. Ukisubiri, panda viazi: baada ya miezi minne au mitano utakuwa umeshavuna, na ukihamishwa utaondoka na marando yako chini ya kwapa, ukayapande uendako.

Jua la Mashuuru halina upendeleo

Mashuuru si Likoni wala Malindi. Katika kaunti nzima ya Kajiado mvua ya mwaka huwa kati ya milimita 300 katika bonde la Amboseli na milimita 1,250 penye miinuko ya Ngong na mabega ya Kilimanjaro, na nyanda za Mashuuru ziko upande wa ukame. Mvua huja mara mbili, masika na vuli, na kuna miaka haiji kabisa. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano mfululizo ilikosekana katika sehemu kubwa za eneo letu la Afrika Mashariki. Majirani wa Kimaasai walizika ng'ombe kwa makundi. Mtu aliyepanda mche wa mwembe wakati ule bila ya mpango wa maji alikuwa anapanda kuni.

Na bado mwembe si mti wa kukatiwa tamaa huku. Makueni, iliyopakana na Kajiado, ni nchi kavu nayo, na ni miongoni mwa kaunti zinazosifika kwa maembe nchini, hata wakajengewa kiwanda cha matunda huko Kalamba. Siri ni kwamba mwembe uliokwisha kukomaa huvumilia kiu, na hata huhitaji kipindi cha ukavu ili utoe maua vizuri. Anayekufa ni mtoto. Kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo mizizi yake haijafika chini, na kila kiangazi ni mtihani. Maji ya visima virefu vingi vya Kajiado yana chumvi na floraidi, na mche mchanga ukinyweshwa maji ya chumvi huungua ncha za majani, nawe ukadhani una ugonjwa.

Kiazi kitamu kina tabia nyingine. Kikishashika, huvumilia ukame kwa kulala chini na kuufunika udongo kwa majani yake. Lakini hakipendi maji yaliyotuama. Udongo mweusi wa nyanda hizi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, hukisumbua mara mbili: ukilowa sana kiazi huoza, na ukipasuka nyufa humfungulia njia fukusi, mdudu mdogo anayetoboa kiazi na kukitia uchungu hata mbuzi akikatae. Dawa yake ni matuta ya juu, samadi ya kutosha, na kuzirudishia udongo nyufa kila zinapotokea. Usikawie kuvuna pia. Kiazi kilichoachwa ardhini kiangazi kizima umemwekea fukusi.

Tulipofika pale kiwanjani tuliona kosa lililoua miche miwili. Mashimo yalikuwa ya kina cha jembe moja, yakichimbwa katika udongo mweusi ule ule, bila samadi, na miche haikuwa na uzio. Wa kwanza ulikauka, wa pili ukaliwa na mbuzi. Shimo la mwembe linataka futi mbili kwenda chini na futi mbili kwa upana, lichanganywe udongo wa juu na madebe mawili au matatu ya samadi iliyooza, liachwe na kisahani cha kukinga mvua, litandazwe nyasi kavu, na lizungushwe miiba. Samadi huko haina shida. Jirani wa Kimaasai ana rundo zizini mwake, na mara nyingi hataki malipo ila salamu njema.

Aliyoyataja Mtume wetu

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: katika dini, lipi bora?

Hadithi mashuhuri ya Anas (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, inatufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au akiotesha mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tunaisoma hadithi hii kila wakati wa kugawa miche, na kila mara tunalisema neno la kwanza tu. Mtume (S.A.W.) alitaja mawili: upandaji wa mti na uoteshaji wa mazao. Hakusema mmoja una thawabu na mwingine ni kazi ya jikoni. Aliyechimba tuta na aliyechimba shimo wamo katika sentensi moja.

Katika Suratul An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu anataja kwamba Yeye ndiye aliyeumba bustani zenye kuegemezwa na zisizoegemezwa, mitende na mazao yenye ladha mbalimbali, kisha anaamrisha tule, tutoe haki yake siku ya mavuno, na tusifanye israfu. Katika Suratur Raad, aya ya 4, anatukumbusha vipande vya ardhi vinavyopakana, vikinyweshwa maji ya namna moja, na matunda yake yakazidiana. Na tumtazame Nabii Yunus (A.S.) alipotupwa ufukweni naye ni mgonjwa. Mola wake alimwoteshea mmea ambao wafasiri wengi wamesema ni wa jamii ya mamung'unye, unaotambaa ardhini. Kwa mtu aliye taabani, kilichokuja upesi kilikuwa ndiyo rehema yake.

Upande wa pili ipo hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad, na Bukhari katika Al-Adab Al-Mufrad, kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi na aupande. Mche huo hautampa tunda aliyeupanda. Hapa tunajifunza kupanda kwa ajili ya wengine, na mwembe ndio mti wa mafunzo hayo. Mwembe wa kupandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, wa kokwa huchukua miaka sita au zaidi, na ukishasimama huwalisha watu ambao majina yao hujapata kuyasikia.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba dini haikuvitanguliza kimoja juu ya kingine kwa jina lake. Imetanguliza wajibu. Kumlisha mke na watoto ni faradhi juu ya mume, na kupanda mti wa sadaka ni sunna yenye fadhila kubwa. Maji yakiwa hayatoshi kwa yote mawili, faradhi hunyweshwa kwanza.

Na tukubali kosa letu sisi wenyewe. Miaka iliyopita, katika madrasa tuliyokuwa tukisomesha, tuliwapandisha watoto miche ishirini siku ya Ijumaa, tukasoma dua, tukapigwa picha. Hatukumpa mtu zamu ya maji. Iliyobaki ni mitatu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni ndogo. Kupanda ni amali ya saa moja, na kunywesha ni amali ya miaka mitatu.

Maji ya wudhu

Dada yetu alituonyesha mahali wanapotawadhia: mfereji mmoja nyuma ya nyumba, maji yakienda njiani na kukaushwa na jua. Tulipiga hesabu pamoja. Watu watano, swala tano, na tuseme kila mmoja atumie lita moja tu. Hizo ni lita 25 kwa siku, yaani lita 175 kwa wiki. Mche mmoja wa mwembe wakati wa kiangazi unatosheka na madebe mawili kwa wiki, takriban lita 40. Miche miwili iliyobaki ingekunywa lita 80, na lita 95 zikabakia kwa viazi. Yale maji waliyokuwa wakigombania yalikuwa yakimwagika mara tano kwa siku mbele ya macho yao.

Wapo watakaouliza kama inafaa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa wudhu wa faradhi ni tohara, ila hayatumiki tena kujitoharishia. Kunyweshea mmea hakuna tatizo lolote. Na tusisahau kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, hakifiki lita moja. Anayefungua mfereji ukatiririka mwanzo hadi mwisho wa wudhu ameacha sunna na amelipa boza.

Tahadhari mbili tu. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yasimwagwe kwenye mche kila siku, kwani chumvi zake hujikusanya. Na maji machafu ya chooni yasifike kabisa kwenye matuta, kwa sababu kiazi hulala ndani ya udongo huo huo na mtoto hukila.

Ndani ya sufuria

Akina mama watataka kujua kilicho ndani. Kiazi kitamu kinashibisha, na chenye rangi ya chungwa kina utajiri wa kile mwili unachokigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya watoto. Jambo hili lilitukuzwa hata duniani. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda, Jan Low na Howarth Bouis, na watatu wa mwanzo walipewa kwa kazi yao ya kueneza viazi hivi Afrika. Vitamini hiyo huchukuliwa na mwili vizuri zaidi ikiwa na mafuta, na hapo bibi zetu walikuwa wametangulia: walivipika kwa nazi. Majani yake, matembele, ni mboga ya wiki nzima. Marando yanayobaki ni lishe nzuri ya mbuzi na ng'ombe wa maziwa, na wakati wa kiangazi fungu la marando hubadilishwa kwa jirani na kibuyu cha maziwa.

Embe nalo lina vitamini A na C, lina achari, sharubati, na embe kavu. Lakini huja kwa msimu. Likija huja kwa mkupuo, nusu likaoza, halafu miezi mingi hakuna. Na lina kivuli. Asidharau kivuli mtu asiyekaa Mashuuru saa saba mchana. Mama anayeosha vyombo, mtoto anayedurusu juzuu yake, mgeni anayengojea wenyeji, wote huhitaji mti, na kiazi hakijapata kumpa mtu kivuli.

Kwa wenye maradhi ya sukari, vyote viwili viliwe kwa kipimo, na kiazi cha kuchemsha ni afadhali kuliko cha kuoka. Daktari wako ndiye atakayekupa kipimo chako.

Wakati wa kuuza

Ikiwa Mwenyezi Mungu atabariki kikapatikana cha kuuza, kuna mambo mawili wengi wanakosea, moja la mtini na moja la ardhini.

La mtini ni kuuza maua. Madalali hupita mwembe unapochanua, wakamkuta mjane anadaiwa karo ya skuli, wakanunua mti mzima kwa bei ya huzuni. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kubainika kuiva kwake, kwa mujibu wa Bukhari na Muslim, na akaeleza sababu kwa swali: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, mtu atahalalisha vipi mali ya nduguye? Ubaya wa biashara hii mara nyingi humwangukia muuzaji. Maua yakishika, aliyeyauza huyatazama maembe yake yakipakiwa lorini, naye karo ya muhula wa pili hana.

La ardhini ni kuuza tuta zima kabla ya kuchimbwa. Wanavyuoni wa Kishafi hawaruhusu kuuza kilichofichika udongoni, kwa kuwa hakuna ajuaye kama chini kuna viazi au mizizi mitupu. Wa Kimaliki wamelegeza. Lililo salama ni kuchimba, kupima, kisha kuuza. Ama zaka, katika madhehebu yetu haikuwajibika katika maembe wala viazi vyenyewe, kwani si vyakula vya akiba kama nafaka, tende na zabibu. Fedha zitakazopatikana zikifikia nisabu na kutimiza mwaka, hizo ndizo zitakazotolewa zaka. Lakini haki ya jirani na maskini siku ya mavuno isisahauliwe.

Na tuliongeza neno moja kwa mume. Atakachokiuza mkewe kwa jasho lake, kwa makubaliano yao, ni mali yake. Kuhusu kiwanja, ikiwa fedha za mahamri zimo ndani yake, basi na iandikwe sasa, wakati wote wawili wako hai na wanapendana. Mti hufuata ardhi katika mirathi. Mjane asije akahitaji mashahidi wa kuthibitisha alichokinunua mwenyewe.

Walivyoafikiana

Mume alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba aliogopa tu, mwembe ukishindwa, aonekane hata ardhi aliyoinunua haimkubali. Mkewe hakuwa amelisikia hilo kabla. Akamwambia kwamba yeye hakuwahi kuuchukia mwembe, ila alichukia kuhesabu madebe huku sufuria liko tupu.

Hatukuwa na haja ya kuhukumu. Kiwanja chenyewe kilikuwa na nafasi. Mwembe uliokomaa hutaka mita nane hadi kumi pande zote, tena mbali na ukuta, shimo la choo na mpaka wa jirani, kwa sababu matawi yakivuka ukuta jirani ana haki ya kutaka yaondolewe. Lakini mche wa mwaka mmoja hauna matawi ya kuvuka popote. Nafasi yote iliyo kati yake na mwenzake ni jua tupu kwa miaka mitatu au minne, na jua ndilo kiazi kinalolitaka. Matuta matano ya mita tano, marando yakipandwa kwa hatua ya futi moja, ni kama mashina themanini. Kila shina likitoa nusu kilo, ni kilo arobaini kwa msimu. Yakae mita moja kutoka shina la mwembe ili jembe lisikate mizizi. Mwembe utakapotanda, viazi vitasogea pembeni.

Kiangazi kikija, tuta moja dogo karibu na mfereji wa wudhu liachwe kuwa kitalu, maana nchi kavu kinachokosekana wakati mvua inapoanza ni marando ya kupanda. Na anayetaka viazi vya futari ahesabu miezi minne au mitano kabla ya Ramadhani, akikumbuka kwamba mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, wala haungojei mvua.

Tulipoondoka, mtoto mkubwa alikuwa amekwisha kuchimba kijifereji kwa fimbo kutoka penye wudhu hadi shimo la kwanza. Adhana ya alasiri ilikuwa imekaribia. Tuliwaona babake na mamake wamesimama pale wakibishana kwa sauti ya chini tuta la kwanza lianzie wapi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabarikie ardhi yao, na awabarikie wote waliohama makwao kwa ajili ya riziki ya halali, awape mvua yenye kheri, na aijaalie mikono inayopanda na inayonywesha kuwa miongoni mwa mikono ya sadaka. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.